Lita Tano za Mafuta ya Taa

Wenzangu wa gereji, mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimempa kipande chake kisha nikasingizia kazi. Leo naandika yote mara moja ili asiwepo wa kuniuliza tena nikiwa chini ya lori. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, hayo alihangaika nayo shemeji yangu Tumaini kutoka hukohuko. Nilichofuata mnakijua. Kaka yangu Erasto, tuliyezaliwa naye wawili tu, alikuwa amelazwa hospitali moja Saint Paul, Marekani, ini limekwisha, na aliomba jambo moja tu, anione. Kuna neno alitaka kuniambia. Mama, ambaye miguu haimfikishi hata Njombe mjini, alinishika koti akasema, "Nenda ukamsikilize mwenzio. Atakachosema uniletee." Basi mimi, Obadia, nilivuka bahari kwenda kusikiliza. Hakuna kingine nilichotumwa.

Makambako hadi Dar

Basi liliondoka alfajiri, na mpaka Iringa tulikwenda vizuri. Kwenye kona za Kitonga tukakuta foleni isiyoonekana mwisho. Lori la mbao lililokuwa linapanda lilikuwa limezima katikati ya kona na kuziba pande zote mbili. Saa ya kwanza nilivumilia. Saa ya pili nikashuka, mnanijua, nikaazima spana kwa konda nikateremka na kilima kwa miguu.

Dereva alikuwa mtu mzima, jasho linamchuruzika. Nikafungua filta, nikanusa, nikamwambia, "Bwana, umeuziwa mafuta ya taa. Pampu imekauka, imejishika." Akaapa kwa Mungu kwamba alijaza dizeli kituoni. Nikamwambia dizeli hiyo imechakachuliwa, anuse mwenyewe. Akanusa, akakaa chini barabarani. Tukakusanya wanaume, tukalisukuma lori pembeni kidogokidogo huku tukiweka mawe kwenye matairi, na niliporudi kwenye basi abiria walinipigia makofi. Mama mmoja akanipa mahindi ya kuchoma mawili. Nikala nimekaa kama bwana harusi.

Nawasimulia hili mjue nilikuwa mtu wa namna gani nilipoondoka. Miaka thelathini nimehubiri neno moja, kwamba mafuta ya taa ni ya koroboi na jiko, yakiingia kwenye dizeli yanaua pampu. Kuna wateja nimewafukuza kwa ajili hiyo, baadhi yenu mliwaona. Erasto mwenyewe nilimfundisha hivyohivyo enzi zile ana pikapu, na alikuwa mkubwa wangu kwa miaka minne.

Amsterdam, saa tisa

Ndege ya kwanza haina habari. Amsterdam ndiyo iliyotukalisha. Kule tuendako kulikuwa na dhoruba ya theluji, wakatuambia subirini, na tukasubiri saa tisa kwenye viti visivyotaka mtu alale. Mkate wao ni mgumu na jibini lao linanuka soksi. Nilikula kwa sababu ya njaa, si kwa hiari.

Kando yangu alikaa mama wa Kisomali aliyekulia Mombasa, anaishi Minneapolis, mji pacha wa Saint Paul, miaka mingi. Alifungua kopo lake akanigawia sambusa bila hata kuniuliza jina. Baadaye nikaona kupitia kioo watu wamepandishwa juu na mashine, wanaimwagia ndege yetu maji ya kijani kwenye mabawa. Nikasimama. Nilidhani kuna kitu kinavuja, na pale hakuna aliyekuwa anajali. Nikaanza kuwaita wahudumu kwa Kiswahili na kwa mikono.

"Kaa, baba," akasema yule mama akicheka hadi akashika ubavu. "Wanaiogesha itoke barafu. Bila dawa ile haipai." Kisha akalipapasa koti langu. "Na hili ndilo koti?"

"Mimi natoka Njombe, mama. Kwetu umande unaganda, viazi vinaungua kwa baridi shambani. Baridi ni ya kwetu."

"Haya," akasema. "Utaniambia ukitoka nje ya mlango."

Nilipotoka nje ya mlango sikumwona, na hata ningemwona nisingeweza kumwambia kitu. Pua ilijifunga ndani. Pumzi ilinichoma kifuani kama nimevuta moshi wa pilipili. Jamani, Njombe hatuna baridi. Tuna upepo tu.

Columbia Heights

Walionipokea ni Anitha, binti wa Erasto, anayesomea uuguzi, na jirani yao Njoroge, Mkenya anayeendesha malori ya masafa marefu. Tulikwenda moja kwa moja hospitali. Erasto alikuwa amelala kwa dawa, manjano hata kucha. Mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa, kwa hiyo nilimshika mguu. Nilimwita, hakuamka. Nilikaa saa mbili nikiushika ule mguu, kisha shemeji Tumaini akaniambia nikapumzike, yeye analala palepale hospitali, na kaka akiamka tu atanipigia.

Kesho yake theluji iliziba kila kitu, nikashinda ndani. Nyumba yao hapo Columbia Heights ni ndogo, joto linatoka ukutani, na pembeni kuna kibanda cha gari. Mle ndani nikalikuta gari la kaka. Aisee! Saluni kuukuu ya Kijerumani, ya dizeli, umri wake unamzidi Anitha. Kule watu wa kawaida hawana magari ya dizeli, lakini Erasto alilitafuta makusudi. Anitha alisema baba yake alikuwa analiwasha Jumapili asikilize mlio tu, anasema unamkumbusha barabara ya kwetu. Puani mwake ulitoka waya ulioingia kwenye soketi ya ukutani. Anitha akanieleza kwamba unapasha injini moto usiku kucha. Huo niliupenda. Nikakagua hita plagi zinazopasha chemba, nikakagua betri, oili, kila kitu safi. Halikuwa limewashwa tangu kaka alazwe mwishoni mwa kiangazi chao.

Kwenye kona kulikuwa na dumu la bluu. Nikafungua kifuniko, nikanusa. Mafuta ya taa. Nikajisemea labda kuna jiko mahali fulani.

Jioni akaja Njoroge na chapati na ndengu kutoka kwa mkewe, akanikuta palepale kwenye gari.

"Mzee, kesho inashuka mpaka minus thirty," akasema. "Hii diesel iko ndani ni ya summer. Itaganda. Mwaga hiyo mafuta taa, lita tano hivi, halafu uache engine izunguke dakika kumi. Baba Anitha huweka kila mwaka."

Nilicheka. Najuta nilivyocheka. "Bwana Njoroge, Erasto hawezi kufanya hivyo. Nilimfundisha mwenyewe."

"Huku ni lazima u-mix. Sisi wote wa trucks tuna-mix."

"Ndiyo maana malori yenu yanakufia Makambako. Mnachakachua, kisha mnatuletea pampu tuzifukie."

Hakukasirika, ni mtu mwungwana. Akasema, "Sawa fundi, wewe ndiye fundi. Mimi naondoka asubuhi na mapema kwenda Dakota, nitarudi kesho kutwa." Akaacha chakula mezani. Na mimi, ili kuwa na uhakika hakuna atakayejaribu, nikalichukua lile dumu nikaliweka nje nyuma ya kibanda, kwenye theluji.

Njia ya Saint Paul

Saa moja asubuhi shemeji alipiga simu ya Anitha. Erasto ameamka. Anaongea, ana akili zake zote, na anamwulizia Oba, yaani mimi. Daktari amesema hali ya namna hii huja mara moja na haikai. "Njooni sasa hivi," akasema. Kisha akaniuliza, "Nikupe uongee naye?"

Hapo ndipo ninapopagusa kila usiku. Nilisema hapana. Nilisema maneno ya mgonjwa hayasemwi kwenye simu, asimchoshe, ninakuja. Ndivyo tulivyolelewa. Neno zito unalifuata, unakaa, unalipokea kwa heshima. Shemeji naye akakubali, kwa kuwa naye amelelewa hivyo.

Gari dogo la Anitha, la petroli, lilitoa mlio mmoja kama panya kisha kimya. Betri imekufa. Akajaribu kuita teksi kwenye simu. "Baba mdogo, inasema dakika hamsini. Kila mtu gari yake imekufa."

"Hamsini za nini? Gari la baba yako lipo."

Nikachomoa waya, nikamwambia akae kwenye usukani kwa kuwa mimi sina leseni ya kwao. Nikahesabu hita plagi zipate moto mara mbili badala ya moja. "Washa." Likazunguka kwa uzito, likakohoa, likatoa moshi mweupe ukajaa kibanda, likashika. Mlio uleule! Nilipiga bodi kofi nikasema, "Umeona? Hii ndiyo dizeli." Anitha alikuwa analia na kucheka pamoja. Nilijiona mwanaume kamili. Tena nilimsema Njoroge moyoni.

Ilituchukua dakika sita kufika barabara kuu, na dakika nyingine nne kusikia. Anitha hakusikia kitu, mimi nilisikia. Injini ilianza kumisi. Akikanyaga, haiitikii. "Kanyaga," nikamwambia. "Nimekanyaga mpaka chini!" Nguvu ikaisha taratibu, kama mtu anayesinzia, akaliegesha pembeni likazima.

Injini ilikuwa imelala na joto la ule waya. Tenki hakuna aliyeliuliza. Tulichokuwa tumetembelea ni mafuta kidogo yaliyokuwa karibu na injini, yakaisha, na nyuma hakukuwa na kinachokuja.

Nikafungua boneti. Glavu nene hazishiki spana ndogo, nikazivua. Chuma kilinishika kikabaki na ngozi ya vidole viwili. Nikatoa filta, nikaitazama, na nikasema kwa sauti, "Ee Mungu wangu, ni samli." Dizeli ilikuwa imeganda, nyeupe, inachoteka kwa kijiko. Miaka thelathini nimefungua filta maelfu na sijawahi kuona kitu hicho. Na nilielewa papo hapo, ujuzi huo ninao. Kilichoganda ni nta iliyomo ndani ya dizeli yenyewe. Mafuta ya taa hayagandi upesi, ukiyachanganya yanailegeza. Kitu kilekile kinachoua pampu Kitonga ndicho kinachoiokoa huku. Mtu mmoja alikuja mpaka mlangoni na chapati kuniambia hivyo.

Anitha akachukua simu ampigie mama yake, aseme sasa tuongee nao hivyohivyo. Simu ilikuwa na chaji nusu. Ikawaka, ikazima mkononi mwake kwa baridi. Yangu haikuwa na laini ya huko. Akaisugua, akaiweka kifuani, haikurudi.

Nikaingia ndani ya gari na filta, nikafungua shati nikaibana kwapani. Nilikaa pale nimeitamia kama kuku, meno yanagongana, dizeli inanitiririka ubavuni, binti wa kaka yangu ananitazama. Malori yanapita, gari letu linatikisika. Baada ya muda ikalegea kidogo. Nikairudisha, nikapampu kwa mkono, tukawasha. Likashika! Likaenda mita kama mia mbili, likazima tena, na safari hii halikukohoa hata kidogo.

"Baba mdogo," Anitha akasema, "is he going to wait?"

Nilielewa. Nikasema, "Atangoja. Namjua."

Nilitoka nje nikasimama barabarani kupunga mikono. Magari mengi yalipita. Mwishowe pikapu moja ikasimama, akashuka mzee wa Kizungu mwenye ndevu zilizoganda, na mbwa kiti cha nyuma. Alinionyesha mikono yangu na kupiga kelele. Nilidhani ananikataza kugusa gari, nikamwonyesha filta, nikazidi kumweleza. Kumbe alikuwa anatazama vidole. Nilipoviangalia vilikuwa vyeupe kama muhogo uliomenywa, na sikuvisikia. Akanisukuma ndani ya pikapu yake kwa nguvu, akaniwekea mikono yangu ndani ya koti lake la akiba. Njiani aliongea na Anitha. Neno moja nililitambua, lile jina la mafuta ya taa kwa Kiingereza, maana alilirudia mara mbili akitikisa kichwa. Anitha hakunitafsiria.

Tangu simu ya shemeji hadi mlango wa hospitali ilipita saa moja na dakika arobaini. Ile teksi ya dakika hamsini ingekwisha kutufikisha.

Chumbani kwa Erasto

Shemeji alikuwa amekaa nje ya chumba, kwenye kiti, mikono mapajani. Alipotuona hakusimama. Anitha akampita akakimbilia ndani, na nikasikia sauti yake.

"Pole, shemeji," Tumaini akaniambia. Yeye aliyefiwa na mume, ndiye aliyenipa pole.

"Lini?"

"Dakika ishirini zilizopita."

Nikakaa sakafuni. Akanieleza bila kulia, alikuwa amekwisha lia. Erasto aliuliza tuko wapi. Akamwambia tumeondoka, tunakuja na gari lake, maana Anitha alikuwa amemtumia ujumbe tulipowasha. Erasto akacheka. Akasema, "Oba hajaweka mafuta ya taa. Namjua huyo." Akasema basi atangoja. Akaomba ainuliwe mto ili auone mlango. Aliuliza tena, na tena.

"Neno lenyewe hakukuachia?"

"Nilimwomba mara mbili aniambie mimi. Alisema hapana, ni lake na Oba."

Nikaingia. Mto ulikuwa bado umeinuliwa. Nilimwomba msamaha kwa Kibena, kwa sauti, mbele ya muuguzi, na nikamwuliza, "Ulitaka kuniambia nini, kaka?" Niliuliza kama mpumbavu. Nilisubiri kabisa.

Vidole vyangu waligundua wauguzi. Walinifunga bandeji palepale, na ncha ya kidole kimoja mmeona wenyewe kwamba haikurudi.

Njoroge aliporudi kutoka Dakota akalifuata gari, akaliingiza mahali penye joto, akabadili filta, akamimina lile dumu la bluu nililolitupa nje. Likawaka. Akaja msibani, akanishika mkono ule mzima, akasema, "Pole sana, mzee." Laiti angenitukana.

Kurudi

Nilirudi na jeneza. Amsterdam hatukukawia, Dar hatukukawia, Kitonga palikuwa peupe kabisa. Gari la msiba lilipanda kwa mwendo mmoja na mimi nilikuwa mbele na dereva, nasikiliza injini kwa mazoea.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake. Hakulia nilipoingia. Alisubiri watu wapungue, akaniita nikae karibu, akaniuliza kwa Kibena, taratibu, kama anayeuliza bei ya chumvi.

"Ulimkuta anaongea?"

Wenzangu, mimi ni mtu wa kusema ukweli. Mnajua nimewakosesha wangapi kazi kwa ukweli wangu. Nilifungua mdomo niseme.

"Nilimkuta, mama."

"Akasemaje?"

"Alisema nikuambie hakuteseka. Na kwamba alikula vizuri, na watu wa huko walimtunza. Na kwamba anakushukuru."

Akalitafuna lile neno. Akauliza kama alicheka. Nikasema alicheka, na hilo ni kweli. Akanishika mkono wenye bandeji akauweka magotini mwake, akasema, "Asante kwa kufika, mwanangu."

Sijui kaka alitaka kuniambia nini. Nimejaribu kila aina. Labda ilikuwa shamba, labda Anitha, labda ugomvi wetu mmoja wa zamani, labda kichekesho tu. Usiku natunga neno, asubuhi naona si lake.

Sasa mmejua yote, na ombi langu ni moja. Mama anamwambia kila anayefika kwake, na Jumapili alisimama kanisani akatoa shukrani kwamba Oba alimkuta nduguye anaongea, akamletea maneno yake. Mtakapokwenda kumpa pole atawaambia na ninyi. Mwitikieni. Semeni, ndiyo mama, alimkuta.